Mji wa Madaraja: Safari Yetu ya Kwanza Ng'ambo

(Maneno yaliyosomwa katika chakula cha harambee ya chama chetu, Mbagala, Dar es Salaam)

 

Kamati imetuomba tuseme machache juu ya safari yetu ya Japani. Tulikuwa watatu. Anayesoma ni mmoja, mhasibu, kwa kuwa amezoea kusoma karatasi mbele ya watu wasiofurahi kumsikiliza. Lakini maneno ni ya wote watatu. Tumeyaandika pamoja, na pale tulipobishana tutasema.

Wa kwanza wetu ni mfanyabiashara wa ufuta, mnamfahamu, wengi mmemuuzia. Wajapani hula ufuta karibu kwenye kila chakula, na karibu wote huununua nje ya nchi yao. Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazowauzia kwa wingi. Mnunuzi mmoja alimwalika wakutane Osaka wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, Expo 2025, yaliyoanza tarehe 13 Aprili na kumalizika 13 Oktoba 2025. Akamchukua mhasibu amsomee mkataba. Mke wake, ambaye ni mwalimu, akasema yeye akibaki basi hakuna anayekwenda. Ndivyo tulivyotimia watatu, mwanzoni mwa Juni. Kabla ya hapo hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka mpaka wa nchi hii. Mbali tulikofika ni Unguja na Mtwara.

Habari za ndege na viwanja hatutazirefusha. Tulipitia Dubai, tukala kadi ya homa ya manjano kwa macho kila saa tukiogopa imepotea, tukafika. Ila uwanja wenyewe wa Osaka tuuseme, maana ulitushtua. Uko baharini. Walijaza kifusi na udongo baharini hadi kikawa kisiwa, wakaufungua mwaka 1994, na ili ufike nchi kavu unavuka daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Mwaka 2018 kimbunga kiliufunika kwa maji, na meli iliyoburuta nanga ikaligonga daraja hilo. Kumbe na wao! Tulifika tukidhani tumekuja kwa watu walioyamaliza maji. Hawajayamaliza.

Maonyesho tuliyaona siku mbili. Yalikuwa kwenye kisiwa kingine cha kujaza, na yalizungukwa na jengo la mbao la duara ambalo mzunguko wake ni kama kilomita 2, unatembea juu yake na bahari unaiona. Kulikuwa na watu wengi kupita kiasi. Biashara ya ufuta ilizungumzwa ofisini, si pale, na ilikwenda vizuri kiasi. Yaliyobaki ni ya mwenye biashara.

Tulichotaka kuwaambieni ni mji.

Siku ya tatu, mvua ikinyesha, kwa sababu Juni ndiyo masika yao, Mwalimu alinunua ramani ya karatasi. Akaikunjua juu ya meza ya chai, akanyamaza. Kisha akasema, "Baba Zuhura, hebu njoo uone. Hii si Osaka. Hii ni Delta."

Tukaangalia, ni kweli. Mto unatoka bara, jina lake Yodo, unafika karibu na bahari unagawanyika vidole, na kati ya vidole ndipo mji ulipo. Mji wa watu zaidi ya milioni 2 umekaa mahali ambapo kwetu wangekaa wavuvi wa kambamiti na wakata mikoko. Sehemu nyingine ziko chini ya usawa wa bahari wakati maji yamejaa. Hata kilima chao cha bandarini, Tempozan, ni matope: mwaka 1831 walizoa mchanga na tope la mtoni ili vyombo vipite, wakalirundika pembeni, na rundo hilo wakaliita mlima. Leo lina kama mita 4 na nusu. Tulipanda mlima huo kwa dakika moja, tukapiga picha kileleni. Watani zetu Wamatumbi, wenye milima ya kweli, wasicheke.

Tangu hapo tukaacha kuwa watalii, tukawa Warufiji. Kila tulipokwenda swali lilikuwa moja: hawa maji wanayafanyaje?

Wazee wetu mnayajua maji. Mnakumbuka mwaka 1968, na operesheni iliyofuata ya kuwahamisha watu kutoka bondeni kuja juu, ambayo ndiyo iliyozaa vijiji vyetu kama vilivyo leo. Mnakumbuka 1974. Aliyezaliwa juzi anakumbuka Aprili 2024. Mnajua pia kwamba maji hayo hayo ndiyo yanayotupa mlau, ukipanda mahindi kwenye unyevu yakishaondoka, na kwamba mtu wa bonde ana dungu lake juu ya nguzo tangu enzi za mababu, halali chini kama mgeni. Kwa hiyo hatukwenda Osaka kujifunza kwamba mto una hasira. Tulitaka kuona mwenzetu mwenye tatizo letu amelitatuaje, na nani alilipa.

Sehemu kubwa ililipwa na serikali, na hili tunalisema kwa sababu kuna watakaosimama baadaye na kusema tukichanga wenyewe serikali italala. Mwaka 1885 Yodo iliufunika mji ule vibaya. Serikali yao ikaanza kazi mwaka 1896 kuuchimbia mto njia mpya, pana, ya moja kwa moja hadi baharini, ikamaliza 1910. Mito mitatu ya bandarini ina milango ya chuma tangu 1970, tao kubwa kama nusu ya gurudumu: kimbunga kikija, tao lote linalazwa mtoni kuzuia bahari isipande. Kazi ya namna hiyo huwezi kuichangia kwenye chakula cha jioni Mbagala. Mto mkubwa ni wa serikali.

Lakini madaraja je?

Osaka inaitwa na Wajapani wenyewe mji wa madaraja 808. Hesabu hiyo ni ya kujisifu. Zamani yalikuwa kama 200. Mhasibu alipoambiwa 808 halafu akaambiwa 200 alifurahi sana, akasema kila chama kina mweka hazina wa aina hiyo. Hizo 200, za enzi za watawala wao wa kijeshi, zilijengwa na nani? Za serikali zilikuwa 12 tu. Zilizobaki zilijengwa na kutunzwa na watu wa mtaa, wafanyabiashara na wenye nyumba waliokuwa wakivuka hapo kila siku. Majina yao bado yapo. Kuna daraja linaitwa Yodoyabashi, na "bashi" ni daraja. Yodoya ilikuwa familia ya wafanyabiashara waliolijenga. Kuna Shinsaibashi, leo mtaa wa maduka ya fahari, na Shinsai alikuwa mkazi aliyejenga daraja na wenzake miaka 400 iliyopita. Mfereji wa Dotonbori, ambao sasa usiku unang'aa taa za matangazo mpaka macho yanauma, unaitwa hivyo kwa Doton, raia aliyeanza kuuchimba mwaka 1612.

Tulisimama Yodoyabashi chini ya miavuli miwili ya duka la bei rahisi. Daraja la sasa ni la zege, magari yanapita, watu wa ofisini wanakwenda mbio na viatu vimelowa. Hakuna aliyelitazama. Mfanyabiashara wetu akaegemea ukuta wake, akauliza bila kugeuka: "Mhasibu, ile ahadi yetu ya daraja tulilipa?"

Ndugu zetu, hapo ndipo safari ilipotuharibikia.

Mnajua daraja tunalolisema. Kile kijito kinachokata njia ya shule, ambacho kiangazi unakivuka na viatu mkononi na masika hakivukiki. Mwaka 2024 mpwa wa mmoja wetu, kidato cha nne, alikaa nyumbani wiki tatu. Wenzake waliovuka walivushwa na mtumbwi, na mama zao walikaa ukingoni hadi jioni. Chama kikapitisha: daraja la waenda kwa miguu, nguzo za zege, kina mama na vigari vya matanga wapite, pikipiki ipite. Harambee ikafanyika, tukapiga makofi. Sisi watatu tulisimama mmoja baada ya mwingine tukataja ahadi zetu, na moja ya ahadi hizo ilishangiliwa sana.

Jibu la mhasibu pale darajani lilikuwa, "Bado." Tulikuwa tumekata tiketi za ndege tatu. Ahadi ya daraja ilikuwa haijalipwa hata shilingi.

Na mhasibu huyo ndiye anayewakagulieni vitabu. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye taarifa ya mwaka, sentensi inayosema "sehemu kubwa ya ahadi haijakusanywa", na hakutaja kwamba yeye yumo. Tumeona tuliseme wenyewe kabla hamjalisoma kwenye jedwali la nyuma ya kijitabu hiki.

Siku mbili zilizofuata hatukuzungumza mengi, lakini kila tulichokiona kilikuwa kama kimewekwa makusudi.

Tulikwenda kisiwa cha Nakanoshima, katikati ya mto, kuona ukumbi mkubwa wa matofali mekundu wa mji. Mtu aliyeutoa ni dalali wa hisa, Iwamoto Einosuke. Mwaka 1911 alitoa yen milioni 1, fedha za kutisha kwa siku zile. Baadaye, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, soko lilimgeuka akafilisika. Watu wakamshauri aombe arudishiwe angalau kidogo. Akakataa. Mwaka 1916 alijiua, na ukumbi ulikamilika 1918, hakuuona. Hapa tulibishana. Mwalimu alisema mtu huyu asitajwe kwenye harambee, maana hakuna jengo linalostahili roho ya mtu, na mji uliokuwa na haya ungempelekea fedha zake bila yeye kuomba. Mfanyabiashara alisema anamwelewa. Tumemtaja, lakini Mwalimu ameshika neno lake, na sisi wawili hatujampata kwa hoja.

Tulikwenda pia ngome ya Osaka, ile iliyo kwenye picha zote. Mnara wake unaonekana wa kale, kumbe ni zege, umekamilika mwaka 1931. Meya wao aliwaomba wananchi mchango, wakatoa yen milioni 1 na nusu. Sasa sikilizeni mhasibu alipoamka. Mnara wenyewe ulitumia yen 470,000 tu. Fedha nyingi zaidi, 800,000, zilijenga makao ya jeshi, kwa kuwa jeshi ndilo lililokuwa limekalia uwanja ule na halikuwa tayari kuachia bila kupewa kitu. Zilizobaki zikatengeneza bustani. Unaweza kukasirika, unaweza kusema ndivyo dunia ilivyo. Sisi tulishangaa jambo jingine: karibu miaka 100 imepita, na mgeni kutoka Mkongo anajua kila yen ilikwenda wapi. Sisi harambee ya kisima ya miaka ya nyuma, ambayo wengi mnaikumbuka, hatuwezi kuwaambieni bati lilinunuliwa duka gani. Hatumtuhumu mtu. Daftari halipo, na tangu siku ile mikono imekuwa mizito.

Mkulima wa korosho au ufuta aliye hapa atapenda hili la mwisho kuhusu fedha. Ng'ambo ya Nakanoshima kuna mahali panaitwa Dojima. Zamani watawala wa mikoa ya Japani walileta mpunga wao Osaka, wakauweka kwenye maghala kando ya mto, na mnunuzi akapewa karatasi ya kuonyesha kwamba magunia kadhaa ghalani ni yake. Karatasi zikawa zinauzwa zenyewe. Mwaka 1730 serikali ikaruhusu rasmi soko la Dojima, ambapo watu waliuziana hata mpunga wa siku za mbele, na wanahistoria hulitaja kama soko la kwanza la namna hiyo duniani. Kwa maneno yetu, ni stakabadhi ghalani! Mfanyabiashara alicheka peke yake pale mtaani. Alisema kwetu tunagombana kila msimu kama mfumo huu umeletwa kutuibia, na hawa waliuanza babu wa babu zetu akiwa hajazaliwa. Na pale pia karatasi ilikuwa na thamani kwa sababu moja: uliyekuwa nayo uliamini kuna mpunga nyuma yake. Zilipotolewa karatasi bila mpunga, watu waligombana vile vile.

Tusiwachoshe na uchumi. Mambo madogo mtayapenda zaidi. Osaka kwenye ngazi za umeme watu husimama kulia, ukisimama kushoto unasikia pumzi ya mtu mgongoni. Treni ikichelewa dakika mbili wanaomba radhi. Hakuna pipa la taka mitaani, na hakuna taka. Tulizunguka na kopo tupu la chai siku nzima mfukoni. Chakula chao cha barabarani ni pweza, vipande vidogo ndani ya donge la unga, cha moto hasa. Watu wa Delta tukasema tumefika, ila tuliuliza kwanza kuhusu mchuzi, na kijana muuzaji alitusomea chupa nzima kwa msaada wa simu. Msikiti tuliupata, uko upande wa Nishiyodogawa, tukaswali Ijumaa na ndugu kutoka Pakistani, Indonesia na kwingineko, wakatupa wali. Na ile Noah inayotupeleka Kibiti, yenye maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hakuna aliyewahi kuyajua? Tulionyesha picha. Ilikuwa gari ya shule ya chekechea.

Lakini la vivuko hatuwezi kuliacha. Mji ule, pamoja na madaraja yote, una vivuko vya mashua katika sehemu 8, vinaendeshwa na halmashauri ya mji, na ni bure. Unafika ukingoni na miguu yako au baiskeli, unasubiri, unavuka, unakwenda zako. Pale Tempozan tulivuka na bibi mmoja mzee mwenye baiskeli na kapu la vitunguu. Sisi tuliokulia kando ya mto, tukingoja kwenda Utete, tulimtazama bibi yule zaidi ya tulivyotazama maonyesho yote. Hakuwa na haraka. Hakuna aliyemdai nauli. Tulipofika ng'ambo tukakaa ndani ya mashua tukarudi nayo tena, mara mbili, mpaka nahodha akatuangalia.

Tulirudi nchini Alhamisi. Jumamosi tulikuwa Mkongo, na bibi yake Mwalimu, ambaye umri wake hata yeye haujui vizuri, alitusikiliza habari zote hizi kwenye mkeka. Habari za mnara hazikumgusa, wala treni. Akauliza moja tu: "Na huko maji yakija, watoto wanapita wapi?"

Tukamwambia, wanapita darajani, bibi.

Akauliza, "La nani?"

Mwenyekiti, tumelipa. Tulilipa Jumatatu iliyofuata, wote watatu, ahadi ya mwaka jana na juu yake kidogo kwa ajili ya kuchelewa, na stakabadhi tunazo hapa, mweka hazina ana nakala. Tumeiomba kamati jambo ambalo baadhi ya wazee hawakulipenda: kwamba jedwali la nyuma ya kijitabu liwe na safu tatu, jina, ahadi, na kilicholipwa, bila kumficha mtu. Wazee walisema hiyo ni kumwaibisha mtu mbele ya wakwe zake. Tumewasikia, na heshima yao ni kubwa kwetu. Kamati ikakubali kwa mwaka mmoja wa majaribio, na kwa masharti kwamba majina ya kuanzia yawe yetu. Yapo mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Safu ya matumizi itafuata mara saruji ya kwanza itakaponunuliwa, na risiti zitabandikwa ofisi ya kijiji, si Dar es Salaam.

Daftari la stakabadhi liko meza ile ya karibu na mlango, kwa yule dada mwenye kitambaa cha kijani. Anapokea fedha taslimu na za simu. Ahadi pia anaandika, ila anauliza tarehe.